Mikono ya Kufukuzia Nzi

Mtaani walimwita Mdomo, na si kwa sababu alikuwa mbea. Jina hilo alilipata kabla hajaanza shule, alipokuwa akisimama mbele ya kaunta ya duka, kidevu juu, akimwambia muuzaji, "Mimi nataka uzi mweusi, na safari iliyopita ulinipunja!" Muuzaji alicheka mpaka akashika mbavu. Aliyepunjwa alikuwa mama yake, amesimama nyuma na mfuko wa vitambaa, kimya. Mama alikuwa kiziwi. Mikono ya mama ilisema, mtoto akatoa sauti, na mtoto hakujua namna nyingine ya kumsemea mtu isipokuwa kusema "mimi". Mama akitania, naye alitania. Mama akiwaka, naye alifoka, na watu wazima wakamvuta masikio kwa maneno ambayo hayakuwa yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Walikaa chumba kimoja, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia. Baba alikuwa wa kuja na kuondoka, na hakuna aliyehangaika kumtaja. Cherehani yake mama aliisikiliza kwa kiganja. Akiweka mkono juu ya ubao wakati gurudumu linazunguka, alijua sindano imebutuka au mkanda umelegea, na hakuwahi kukosea. Alikuwa mkali, tena mkali kwelikweli. Mteja akileta ubishi wa kijinga, mama alifumba macho tu. Kwa kiziwi, kufumba macho ni kufunga mlango. Mteja angeweza kurukaruka na kurusha mikono mpaka achoke, mama amefumba macho yake na anasubiri aondoke.

Siku ambayo Mdomo hakuisahau ilikuja akiwa na pengo la meno ya mbele. Mama alikuwa mjamzito, na mtoto tumboni alikuwa ameacha kucheza. Walikwenda hospitali asubuhi. Daktari alimpima mama, akavua glavu, kisha akainama kwa yule mtoto bila hata kumtupia mama jicho.

"Mwambie mama yako mtoto amefia tumboni. Inabidi alazwe leo hii. Umesikia? Mkamsubiri nesi pale kwenye benchi."

Akageukia meza yake, akaita mgonjwa mwingine. Basi. Ndivyo mtu mzima mwenye elimu yake alivyomtwika mtoto mzigo ule, akaendelea na foleni yake. Mdomo aliinua macho, akamwona mama anamtazama mikono, anasubiri. Nyumbani kulikuwa na kigauni kidogo cheupe kilichoshonwa tayari, kimekunjwa chini ya mto. Mdomo aliinua mikono yake, akasema kwa alama, "Mtoto ni mzima. Daktari anasema twende nyumbani ukapumzike."

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akamshika mkono, wakapita lile benchi la nesi, wakaenda nyumbani.

Baadaye homa ilimshika mama hadi akaweweseka kwa mikono, vidole vikichezacheza juu ya shuka. Majirani walimbeba wakamrudisha hospitali mbiombio. Alipona kwa bahati, lakini kizazi kilitolewa. Mama hakuuliza kitu, na Mdomo hakusema. Alikua na jambo hilo moyoni, akasoma nalo, akaajiriwa nalo.

Ndiyo maana alipokuwa mkubwa alisomea ukalimani wa lugha ya alama, akazungusha barua na maombi, akakaa kwenye korido za wakubwa mpaka wakamzoea kama kiti. Mwisho wakampa meza. Meza yenyewe ilikuwa mbovu, mguu mmoja umetegewa kipande cha boksi, karibu na dirisha la kuchukulia kadi. Lakini ilikuwa meza ya wakalimani, na kiziwi yeyote aliyeingia hospitali ile hakulazimika tena kuja na mtoto wake. Walikaa wawili pale, yeye na kijana mmoja mrefu, mtaratibu, ambaye kila mtu alimwita Mpole. Kanuni za kazi walizijua kwa moyo. Usiongeze, usipunguze. Anayesema akisema "mimi", nawe useme "mimi". Na usimtafsirie ndugu yako mbele ya daktari. Hiyo ya mwisho Mdomo aliipenda kupita zote, na alimtolea macho makali yeyote aliyetaka kuivunja.

Wakati mambo yanaharibika, mama mwenyewe alikuwa mgonjwa wa hospitali ile. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Walikata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka maabara, majibu yakawa yanasubiriwa. Siku ikifika Mpole ndiye angeingia naye kwa daktari, na Mdomo angekaa nje kwenye benchi kama binti wa mtu mwingine yeyote. Alikuwa ameshajipangia hata benchi gani.

Sasa aje Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya na utamaduni. Nani aliyekoroga mambo hayo mawili katika sufuria moja, Mungu ndiye anayejua. Hakuwa mganga, hakuwa msomi wa mila, lakini mbele ya kipaza sauti alikuwa vyote viwili. Leo wanawake wanaojifungua kwa kupasuliwa ni wavivu, bibi zao hawakupasuliwa. Kesho mwanamume anayeingia wodi ya wazazi na mke wake amepoteza heshima ya ukoo. Alizungumzia tumbo la mwanamke kama anayezungumzia gari la jirani. Watu walicheka, redio zikarudia, naye akanenepa kwa kicheko hicho. Viziwi walikuwa wamempa jina lao la alama: vidole viwili vinavyopandisha miwani puani. Miwani. Alikuwa akiipandisha kila alipotaka kusema upuuzi.

Siku moja redio ya pale mapokezi ikamleta tena.

"Hospitali ni ya dawa, si ya maigizo," alisema. "Kuajiri watu wa kurusha mikono, huo si utamaduni wetu. Bubu ana watoto, ana wajukuu. Wamtafsirie wao, kama zamani!"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya kadi wakacheka. Mpole akajifanya anatafuta kalamu. Mdomo aliwaka hasira, na hakuwa na wa kumtupia. Alichokiona machoni ni pengo la meno, na mtoto wa mtu mwingine ameinua mikono.

Muda si mrefu Mheshimiwa akaja mwenyewe kuzindua wodi mpya ya wazazi. Turubai likafungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, utepe ukafungwa mlangoni. Viziwi waliletwa wakawekwa safu ya mbele, maana kamera zinapenda vitu vya namna hiyo. Mama alikuwa katikati yao, na gauni lake la bluu alilojishonea, mkoba mapajani. Kwenye mkusanyiko wa watu kanuni ya ndugu haina kazi, kwa hiyo Mdomo ndiye aliyepangiwa kusimama pembeni ya Mheshimiwa na kutafsiri.

Mganga mkuu wa hospitali alimvuta kando kabla mambo hayajaanza.

"Dada, tafsiri vizuri. Lakini mheshimiwa akiteleza kidogo, nawe lainisha."

"Nilainishe vipi, daktari?"

"Unajua bwana. Mengine unayaruka."

"Mimi siongezi, sipunguzi."

"Haya. Shauri yako."

Mheshimiwa alianza kwa kujimwagia sifa, akasifu utepe na matofali ya wodi, kisha akapandisha miwani. Mdomo akajua yanakuja.

"Nitasema ukweli, na anayekasirika akasirike. Mababu zetu walikuwa wanajua. Mtoto akizaliwa bubu, hawakukimbilia hospitali. Walimuuliza mama yake, umefanya nini? Mila gani umeivunja? Leo mnaambiwa ni ugonjwa, mnapewa na mtu wa kurusha mikono. Mtazameni huyu binti! Si kama anafukuza nzi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na Mdomo, huku uwanja unamcheka, alitafsiri. Alijigonga kifua kuonyesha "mimi", kama kanuni inavyotaka, akamwambia mama yake mzazi uso kwa uso: mimi nasema mama yako alivunja mila ndiyo maana uko hivi. Mimi nasema huyu binti anafukuza nzi. Hakupunguza hata kidogo. Mikono yake ilikuwa imara, lakini machozi ya hasira yalikuwa yanamchoma kwenye kope, akayaacha yachome.

Mheshimiwa akaona safu ya mbele haicheki. Akataka kuwachangamsha. Akamnyooshea mama kidole.

"Huyu mama hapa amependeza. Simama, mama! Mpeni nafasi ashukuru. Mama, sema asante kwa wodi!"

Huo ndio mdomo uliomponza. Mama aliweka mkoba kwenye kiti, akanyoosha gauni, akasimama. Mdomo akachukua kipaza sauti, kwa sababu sasa kazi ilikuwa inageuka: mikono itasema, yeye atatoa sauti. Kama dukani zamani.

"Umeniomba nishukuru," Mdomo alisema, macho kwenye mikono ya mama. "Nashukuru kwa kiti."

Watu wakacheka. Mheshimiwa pia.

"Unamsema mama yangu. Mama yangu humjui. Mimi nilizaliwa ninasikia. Nilimsikia akiniimbia. Nikapata homa, akanibeba mgongoni mpaka zahanati, na zahanati haikuwa na dawa. Mila zilikuwepo tele, mheshimiwa. Dawa ndiyo haikuwepo."

Kicheko kikakatika upande mmoja wa uwanja. Mheshimiwa akaanza kunyoosha mkono achukue kipaza sauti, ila kamera zilikuwa zimegeukia mama, akaurudisha mkono mfukoni.

"Umesema watoto wetu watutafsirie. Wangu alinitafsiria. Alikuwa hana meno ya mbele. Daktari wa hapahapa alimwambia kwamba mtoto wangu amefia tumboni, akamwachia yeye aje aniambie."

Mama alitoa alama iliyofuata, na sauti ya Mdomo ikagoma. Uwanja mzima ulikuwa unamsubiri. Mama akamtazama, akairudia ile alama polepole, kwa upole ambao Mdomo hakuwahi kuuona kwake. Kanuni ni kanuni.

"Binti yangu... binti yangu akaniambia mtoto ni mzima."

Mama hakuishia hapo.

"Nilijua ananidanganya. Tumbo ni langu. Nilijua kabla sijafika hapa hospitali. Lakini niliona uso wake, nikajua nikimkatalia atalazimika kulisema lile neno. Kwa hiyo nikamshika mkono, tukarudi nyumbani. Nilipoteza kizazi ili mtoto wangu asiliseme. Ningerudia tena leo."

Mdomo aliyasema yote hayo kwa "mimi", kwa sauti yake mwenyewe, kwenye spika zilizosikika mpaka barabarani. Alikuwa analia waziwazi na hakujali. Miaka yote ile alidhani amemficha mama, kumbe mama ndiye aliyemficha yeye.

"Na wewe," mama alimalizia, akapandisha miwani ambayo hakuwa nayo, "una masikio mazima mawili, lakini mimi naona kazi yake ni kushikilia miwani tu."

Safu ya mbele ikainua mikono juu, ikaitikisa hewani. Hayo ndiyo makofi yao. Na nyuma huko, kinamama kadhaa wenye watoto mgongoni wakapiga makofi ya kusikika. Mheshimiwa akampokonya Mdomo kipaza sauti.

"Anatunga! Mnaona? Haya ni maneno ya huyu binti! Nani anajua yule bibi kasema nini? Ametumwa huyu!" Akageuka huku na huku. "Kuna mwingine anayejua haya mambo? Nani?"

Mganga mkuu akamwonyesha Mpole, aliyekuwa ameegemea nguzo ya turubai.

"Kijana, ndivyo alivyosema yule mama?"

Mpole alitazama viatu vyake. "Sikuwa naona vizuri kutoka hapa, mheshimiwa," alisema.

Muongo. Alikuwa anaona kila kidole. Mdomo alimtazama kwa chuki ambayo hata yeye ilimshangaza, kisha akageuka akafanya kazi yake. Alimtafsiria mama: mimi nasema huyu binti anatunga. Mama alimwangalia Mheshimiwa kuanzia viatu mpaka miwani. Akakaa. Akapakata mkoba wake. Akafumba macho.

Aliyekaa kulia kwake akamwona, naye akafumba. Kisha wa kushoto. Safu nzima ya mbele ikafumba macho, mmoja baada ya mwingine, wamekaa wima kwenye viti vyao vya plastiki. Mheshimiwa aliendelea kubwata kuhusu heshima na wazee wetu, na Mdomo akashusha mikono, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumtafsiria. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kuongea bure na kila mtu akaona kwamba anaongea bure.

Laiti ningeweza kusema mambo yaliishia hapo kwa heri. Hayakuishia. Watu wa aina ile hawashindwi uwanjani, wanangoja warudi ofisini. Wiki iliyofuata Mdomo alikuta meza haina kibao, juu yake kumepangwa maboksi ya glavu. Mganga mkuu alimwambia agizo limetoka juu, ukalimani umesitishwa mpaka utaratibu upitiwe upya.

"Nilikuambia ulainishe," alisema. "Umejitakia."

"Na wagonjwa?"

"Waje na ndugu zao."

Mpole alikuwa amehamishiwa stoo. Mdomo alimkuta huko amekaa kati ya ndoo na madumu ya dawa ya kusafishia.

"Nisamehe, dada. Nina familia."

"Sitaki samahani yako. Majibu ya mama yametoka. Ingia naye kwa daktari, mara hii moja tu. Nusu saa."

"Wakiniona je?"

"Wakikuona, utakuwa umefanya jambo moja la maana tangu uzaliwe."

Mpole akageukia ndoo zake, akaanza kuzipanga upya. Mdomo alisubiri kidogo, kisha akaupiga teke mlango wa stoo kwa kisigino na kuondoka. Mpaka leo hawasalimiani, na wala sioni kwa nini wasalimiane.

Kwa hiyo siku ya majibu Mdomo hakukaa kwenye lile benchi alilojipangia. Aliingia na mama. Chumba kilikuwa kilekile cha zamani, kimepakwa rangi nyingine. Daktari alikuwa dada kijana, anafungua bahasha, amechoka. Mama alikuwa na gauni lake la bluu. Mdomo alikaa mahali pa mkalimani, kando kidogo ya daktari, ili mama amwone vizuri. Hakuwa mtoto tena, meno yote anayo, na bado alitamani mtu mzima aingie amwondoe pale.

Daktari alisoma karatasi mpaka mwisho. Kisha akageuka kwa Mdomo.

"Wewe ndiye binti yake, sio? Sasa, mwambie mama—"

Mama akainua kiganja. Daktari akanyamaza. Mama alisimama, akavuta kiti chake mpaka kikakaa kando ya kiti cha Mdomo, akakaa. Halafu alichukua mikono ya binti yake, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akaileta pajani pake, akaifunika kwa mikono yake mwenyewe na kuikandamiza, kama anavyoshikilia kitambaa chepesi kisiteleze chini ya sindano. Kwa kufanya hivyo hakubaki na mkono wa kusemea, wala Mdomo hakubaki na wa kutafsiria.

"Sasa nitamwambiaje?" daktari aliuliza.

"Mwangalie yeye," Mdomo alisema. Mama hakuwa amesema neno hilo. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake yote Mdomo kuongeza kitu.

Daktari akaweka karatasi mezani. Akamgeukia mama, akamwangalia usoni, na kwa vile alilazimika kumwangalia, alisema taratibu, na macho yake yakalowa kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mama alikuwa ameshaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyaona majibu usoni mwake.

Vidole vya Mdomo vilijaribu kuinuka, kwa mazoea tu, na mama akavibana.